Damu ya Mke Mwenza

Rehemah aliisukuma fomu ya upasuaji ikaanguka sakafuni.

"Nipasue, daktari. Lakini damu ya mtu sitaki tena."

Dokta Erinayo aliiokota. Uvimbe wa titi ulikuwa mkubwa. Bila damu ya kumwongezea asingethubutu kushika kisu.

"Mama, nani kakwambia damu ni mbaya?"

"Ndiyo iliyoniletea kansa hii."

Akamweleza. Mwaka 1972, alipomzaa Jalia, alivuja damu mpaka akazimia. Mke mwenzake, Safinah, alijitolea akatolewa chupa nzima, kisha akarudi nyumbani Kisenyi akamnyonyesha Jalia pamoja na mtoto wake mwenyewe, wiki mbili. Majirani walisema hawajaona wake wenza wanaopendana vile.

Mwaka jana, uvimbe ulipotokea, Rehemah alikumbuka kwamba mama yake Safinah alikufa kwa uvimbe kama huo. Akamwambia Fadhul, mume wao, achague mmoja. Safinah hakubishana. Alimkumbatia Jalia, akafunga godoro lake, akaenda kwa kaka yake, huko Bombo.

"Yuko huko bado?"

"Alikufa kwa malaria, Ramadhani iliyopita." Rehemah alitazama ukutani. "Msibani sikwenda."

Daktari aliiweka fomu mezani. "Mimi sijaona mama aliyepata kansa kwa sababu aliongezewa damu wakati wa kujifungua."

"Unasema hivyo ili nitie dole gumba."

Hata hivyo ilimbidi daktari ajue kama ile damu ya kwanza ilimdhuru mgonjwa. Akamtuma nesi Joska kwenye stoo ya mafaili ya zamani. Joska alichukua muda, akarudi na faili lililoliwa kona na panya. Alikuwa amekwisha kulisoma. Alilikabidhi bila kumtazama mgonjwa.

"Linasemaje?" Rehemah aliuliza. "Nisomee yote, daktari. Usinifiche."

Erinayo alisoma polepole, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili.

"Chupa moja, imetoka kwa Safinah, mke mwenza. Imechukuliwa wodini na askari wenye bunduki, kwa ajili ya ofisa wao aliyejeruhiwa. Mgonjwa amewekewa dripu ya maji ya chumvi tu. Damu hakupata."