Dokta Amesema

Jiko lilikuwa na kufuli. Buberwa aliutikisa mlango akidhani umekwama tu, akautikisa tena, halafu akachungulia kwenye upenyo wa mbao. Ndani, sufuria ya ebitoke, zile ndizi za kupika, ilikuwa inafuka mvuke, imefunikwa majani ya mgomba vizuri kabisa. Harufu ya maharage ikamfuata mpaka puani.

"Mama, ufunguo uko wapi?"

Mama yake, Consolata, alikuwa uani anageuza kahawa kwenye mkeka. Hakuinua kichwa. Akasema ufunguo upo kwenye pindo la kanga yake, na utakaa hapohapo mpaka mtu amalize kupalilia mibuni ya kule chini. Dokta amesema mtu mzima anakula baada ya kazi, si kabla.

Buberwa akashusha pumzi. Dokta tena.

Tangu sauti za huyo Dokta Mushumbusi zianze kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yao, kijiji cha Kanazi kilikuwa kama kimelogwa. Mhaya mwenzao, amefanikiwa, anaishi Ulaya, ana kampuni, na bado anakumbuka nyumbani: kila wiki anatuma fundisho. Mara kazi, mara mabadiliko, mara namna ya kutunza mwili na roho. Alisema watu waache kulala mchana, na jirani yao Kahangwa, ambaye hakuna aliyewahi kumwona wima saa nane, akaanza kufyeka. Alisema wapunguze pombe ya rubisi, wanaume wakanuna, lakini wakapunguza. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya padre mwenye mafua. Nyuma yake alisikika mbuzi, watu wakashangaa kwamba kumbe hata Ulaya mbuzi wanalia kama wa Kahangwa.

Mwanzoni Buberwa alicheka mpaka machozi, hasa siku ile Kahangwa aliposhika panga. Kahangwa ndiye aliyemwita "Profesa Nusu" tangu arudi kutoka chuo bila cheti. Kicheko kilikwisha lilipofika fundisho la mche.

Dokta alisema hivi: mche wa kahawa ukiuacha kitaluni kwenye kiriba, kile kimfuko cha plastiki, muda mrefu, mizizi inajikunja humohumo, hauzai tena. Uhamisheni mapema. Kundi zima likatuma makofi. Consolata hakutuma kitu. Alisikiliza, akarudia kusikiliza, akamwangalia mwanawe aliyejilaza kwenye kochi miguu ikiwa ukutani, halafu akampigia simu kaka yake Kaijage, aliyeko Muleba, anayechoma tofali.

"Mama, waitu, yule hakuwa anasema watu," Buberwa akamwambia sasa, akiuzunguka mkeka. "Alikuwa anasema mabadiliko tu kwa ujumla. Ule ni mfano."

"Wewe unajuaje alichokuwa anasema?"

Buberwa akainama, akaanza kuokota vijiwe kwenye kahawa.

"Mwenzako ana kampuni," mama akasema. "Wewe una nini? Una blanketi. Na hilo blanketi kila siku linarudi limejaa majani makavu ya migomba. Mtu na ndevu zake analala kwenye kibanja kama sungura."

Akajitetea kwamba halali, anafikiri. Mama akasema sasa atafikiria tofali. Mjomba wake anapita leo na gari la mchanga, na begi lake liko mlangoni.

Kweli lilikuwepo. Ni lilelile alilorudi nalo kutoka chuo, zipu bado mbovu, safari hii limefungwa kwa kamba ya mgomba.

Buberwa akakaa kizingitini. Mjomba Kaijage alimjua vizuri, mtu asiyecheka hata harusini. Kwake hakuna kochi. Kuna udongo, maji na jua. Akajaribu kila mlango. Alisema mgongo unamuuma, mama akajibu Dokta amesema mgongo unauma kwa kukaa. Alisema atarudi chuo mwezi ujao, mama akajibu Dokta amesema mwezi ujao haupalilii shamba. Mwisho, kwa hasira, akasema huyo Dokta wao huenda ni tapeli tu, hana kampuni wala nini.

Mama akainama kwenye kahawa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Buberwa akadhani analia.

"Usimtukane mtu aliyefanikiwa," akasema hatimaye, bila kugeuka.

Basi. Maneno ya Buberwa kwenye ua ule hayakuwa na uzito wa punje ya buni. Duniani alibaki mtu mmoja tu ambaye mama angemsikiliza, na mtu huyo ilibidi alifute fundisho lake kabla gari la mchanga halijafika.

Akachukua simu na blanketi, akapita nyuma ya choo, akaingia kibanjani mpaka pale migomba ilipobanana. Ng'ambo ya mpaka, mbuzi wa Kahangwa alimwona, akalia. Buberwa akajifunika gubigubi, akasogeza simu mdomoni, akakohoa kidogo, akaishusha sauti mpaka kifuani.

"Wapendwa wa Kanazi, ni mimi tena, Dokta Mushumbusi, naongea nanyi kutoka huku kwenye theluji. Kuhusu ule mche, naomba tusiharakishe..."

Majani makavu yakalia karibu na kichwa chake.

"Dokta," sauti ya mama ikasema nje ya blanketi, "gari limefika, na chakula nimekufungia. Kipindi kijacho rekodia Muleba, huku mbuzi wa Kahangwa anakuharibia."