Msingwa wa Mwisho

Katika hesabu ya mwisho ya watu, kabla dola haijaivunja wilaya ile, Bi Mwanaheri alifika mezani kwa karani akasema yeye ni Msingwa.

Karani alifungua daftari. Kabla ya vita Wasingwa walikuwa elfu nne. Hesabu iliyofuata, mia moja na sita. Iliyopita walibaki wawili, yeye na mumewe, na mumewe alishazikwa.

"Mama, mtu mmoja hawekewi safu yake," karani alisema kwa upole. "Sheria inataka wasipungue wawili. Nitakuandika kwenye wengineo."

"Nakuomba, mwanangu. Ukinifuta mimi umetufuta sote."

"Basi nitajie mwingine mmoja tu. Hukujaliwa mtoto?"

Alijaliwa. Tunu, bintiye, alikuwa nyuma yake kwenye foleni na mtoto mgongoni, akingoja kujiandikisha tena kabila la mumewe, kama hesabu iliyopita, kwa sababu tangu vita Msingwa hakuruhusiwa kuwa na shamba. Bi Mwanaheri aligeuka kumtazama. Midomo ya Tunu ilikuwa ikitetemeka.

Karani naye akatazama huko. "Huyu ni wako?"

 Bi Mwanaheri alitamani kulitaja jina la binti yake kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Simjui," alisema.

Karani akapiga mstari juu ya neno Wasingwa, kisha akamsogezea kidau cha wino. Bi Mwanaheri alichovya kidole gumba, akakishikilia juu ya karatasi bila kukishusha, na wino ukaanza kudondoka.