Shingo ya Kulwa

Enzi hizo serikali ilimchukua mtoto kwenda kambi za kazi pindi tu pingili za shingo yake zilipokomaa, umri haukuulizwa. Nyamizi aliwashika mikono mapacha wake huku daktari akizitazama picha zao za eksirei.

"Doto amekomaa, ataondoka kesho. Kulwa mifupa yake bado michanga, mama. Mpe maziwa kwa wingi, umrudishe mwakani."

"Asante, daktari! Mungu akuzidishie," alisema Nyamizi, machozi yakimlengalenga. Angalau amebakiziwa mmoja.

Jioni alimmiminia Doto maziwa, kikombe kikajaa pomoni. Kulwa akasogeza chake.

"Na mimi, mama?"

Nyamizi alimpapasa shingo taratibu, akamshukuru Mungu.

"Wewe utakunywa chai ya rangi, mwanangu. Kuanzia leo."