Siku Jeancy Alipoamini

"Dada Huguette, huyu Jeancy wako siku hizi anasali wapi?"

Laurette, jirani na mkimbizi mwenzake pale Isipingo, aliuliza huku akianika nguo, na Huguette akajua swali hilo limeshakwenda kanisani na kurudi. Jeancy alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Alimlea tangu meno ya utoto, na dada alipokuwa anakata roho, Huguette alimwapia kwamba huyu hatapotea. Sasa kijana ameanza chuo Westville, anavaa nyeusi kutoka shingoni mpaka viatuni, na kifuani ananing'iniza kidani cha mbuzi mwenye pembe.

Jioni akamuuliza mwenyewe. Kijana hakumficha mama yake mdogo.

"Tantine, niko kwa dini ya Shetani."

Chai ikamwagika mezani.

"Tulia, Tantine. Hatuchinji hata kuku. Tunakutana, tunakunywa kahawa, tunabishana. Hakuna kati yetu anayeamini kwamba yuko kweli. Ni jina tu. Hata mimi imeanza kunichosha."

Hayo ya mwisho Huguette hakuyatia maanani. Alishashika simu kumwita Pasta.

Jumamosi sebule ikajaa: Pasta Achille, Laurette, Papa Pascal dereva wa lori la bandarini, na akina mama wa maombi. Jeancy aliwekwa katikati, mikono kifuani, akitabasamu kama mtu aliyeketishwa kwenye harusi ya watu asiowajua.

"Kijana, Shetani yuko!" Pasta alianza.

"Pasta, nani amemuona?"

Watu wa maombi huwaulizi hivyo. Laurette alikuwa wa kwanza kusimama: Shetani alimuunguzia draya ya saluni mwezi uleule aliotoa zaka. Papa Pascal hakungoja akae.

"Eish! Na mimi je? Nikitoka bandarini na lori, kila roboti, kila taa ya barabarani, ni nyekundu. Akipita mlevi, kijani! Nani anazibadilisha?"

Mama Marie-Claire akasema Shetani amekalia karatasi zake za ukimbizi, na miguu hainui. Tena mchumba wa binti yake alikuwa njiani na mahari, Shetani akamgeuza kama gari. Kila aliyesimama alitaka kumpita aliyekaa. Hata Huguette, mtu wa maneno machache, alijikuta anaeleza jinsi mumewe alivyoamka mzima, akapiga mswaki huku anaimba, na mchana wakamletea maiti.

"Ni yeye," alisema. "Nani mwingine?"

Hapo Huguette akakumbuka kwamba jina la Yesu halijatajwa tangu sala ya kufungua. Alitaka kusema, lakini macho yakamwangukia Jeancy. Kijana hatabasamu tena. Mikono imeshuka, macho yamemtoka.

"Pasta," aliuliza polepole, "kwa hiyo hata maofisini anaingia? Hata barabarani?"

"Kila mahali!" Pasta alijibu, shati limemganda mgongoni kwa jasho. "Ni mlango gani unamshinda? Mkubwa gani hapa duniani hajainama mbele yake?"

Jeancy akapiga magoti, machozi yanamtiririka. Huguette alishika kifua. Dada yangu, aliwaza, angalia mtoto wako.

"Unaamini?" Pasta alinguruma.

"Naamini, Pasta. Kwa moyo wote."

"Haleluya!"

Vigelegele vikapasua nyumba. Jeancy akainuka, akajifuta uso, akamkumbatia Huguette kwa nguvu kama zamani.

"Asante, Tantine. Wenzangu wanavunja kundi leo, wanasema dini yetu haina maana, tunaabudu hewa. Wacha niwawahi. Niwaambie Shetani yuko, na ushahidi wa kazi yake nimeusikia kwa watu wa Mungu wenyewe."

Akavaa koti lake, akampa Pasta mkono wa heshima, akatoka.