Sala Isiyo na Watazamaji

Siku hizo, nchini kote, sala isiyorushwa mtandaoni haikuhesabika kuwa sala. Nsia, binti wa Elinami na mkewe Nakijwa, alipopandwa na homa kali, Elinami alipiga magoti mbele ya simu akamwombea hadi machozi yakamtoka. Alipomaliza, akajitazama kwenye video.

"Mke wangu, hebu fungua pazia. Narudia, sikuonekana vizuri."

"Baba Nsia, mtoto anaungua!"

"Dakika moja tu."

Nakijwa akambeba mtoto, akajifungia naye stoo bila simu. Alitaka kumlilia Mungu peke yake, kama bibi yake alivyofanya zamani. Akafumba macho, akafungua kinywa, na maneno yaliyomtoka yakawa, "Wapendwa watazamaji..."

Akamkumbatia Nsia kwa nguvu, asijue namna nyingine ya kuanza.