Kibao cha Shingoni

Kibao cha mbao kilikuwa na siku ya tano shingoni mwa Mama Tunu. Katika darasa hili la watu wazima, anayeponyokwa na Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza hukivaa mpaka mwingine ateleze.

"Jana ulipika nini?" mwalimu alimuuliza kwa Kiingereza.

Jibu la Kiswahili likamjia mbio hadi ncha ya ulimi. Akafumba mdomo, akalimeza, akaanza kutafuta upya. Darasa likangoja.

"Sema tu, Mama Tunu, yaishe," Kiswahili kikamtoka Kombo, seremala aliyekichonga kibao chenyewe.

Wote wakamgeukia Kombo. Mama Tunu hakugeuka. Aliitoa sentensi yake ya Kiingereza, neno baada ya neno, mpaka nukta.

Ndipo akavua kibao. Kombo alikuwa ameshainamisha shingo.