Zeze la Jumapili

Baada ya siku tatu za kuulizia mpiga zeze mjini, Nyamizi aliipata baa yenye ubao nje: Leo Jumapili, zeze la asili. Ndani, mzee mmoja aitwaye Lugendo alikuwa akiimba wimbo wa kwao Nyamizi, ule ule alioimbiwa mama yake siku ya kuzikwa. Ubeti wa pili haujaisha, mwenye baa akawasha televisheni. Mpira ulikuwa umeanza.

Nyamizi aliinuka, akachomoa waya ukutani.

“We dada, una wazimu?” mwenye baa alifoka.

“Ubao wako unasema zeze! Humwoni mtu anaimba?”

Wateja wakaanza kupiga meza. Lugendo akashusha upinde. “Chomeka, mwanangu,” alisema taratibu. “Wakinifukuza hapa, sina pengine pa kupigia.”

Hayo ndiyo yaliyomchoma Nyamizi zaidi. Alichomeka waya, kisha akaburuta kiti hadi ubavuni mwa mzee.

“Anza upya, baba. Wimbo wote, mpaka mwisho.”

Goli likaingia, baa nzima ikalipuka kwa kelele. Nyamizi aliinamisha sikio karibu kabisa na kibuyu cha zeze, na upinde ukaendelea kwenda na kurudi.